Je, Wajua? Malaria Iliwahi Kutumika Kutibu Wazimu

Tiba za magonjwa ya akili zina historia iliyojaa bahati, ujasiri na makosa makubwa. Dawa kadhaa zinazotolewa leo katika hospitali za wilaya ziligunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine kabisa, na tiba moja iliyotunukiwa Nobel iliwaharibu maelfu ya watu. Ukiifuatilia historia hiyo unakutana pia na habari ambayo wengi wetu hatujawahi kuambiwa waziwazi: wagonjwa wengi wa akili hupata nafuu, wakarudi kazini na kulea watoto wao.

Je, wajua kwamba madaktari waliwahi kuwaambukiza wagonjwa malaria kwa makusudi?

Aliyeanza ni Julius Wagner-Jauregg wa Vienna, Austria. Siku hizo hospitali za wendawazimu za Ulaya zilijaa watu ambao kaswende ilikuwa imewapanda kwenye ubongo. Mtu alianza kwa majivuno ya ajabu, akajiona tajiri au mfalme, kisha akawasahau watu wake, akapooza na kufa ndani ya miaka michache. Wagner-Jauregg alikuwa ameona kwamba baadhi ya wagonjwa wa akili waliopatwa na homa kali ya ugonjwa mwingine walipata ahueni. Juni 1917 akachukua damu ya askari aliyerudi vitani na malaria, akawachanja nayo wagonjwa tisa. Akaziacha homa zipande na kushuka mara kadhaa, ndipo akawapa kwinini. Sita kati ya wale tisa walipata nafuu kubwa.

Mwaka 1927 alipewa Tuzo ya Nobel. Kwetu sisi ambao karibu kila ukoo umezika mtu kwa malaria, habari hii inashtua, na kweli wapo wagonjwa waliouawa na malaria hiyo ya kupandikizwa. Lakini hesabu ya daktari inaeleweka: malaria ilikuwa na kwinini, kaswende ya ubongo haikuwa na dawa ya kuitegemea. Penisilini ilipoanza kutumika kutibu kaswende katika miaka ya 1940, tiba ya malaria ikaachwa.

Je, wajua kwamba ugali mtupu unaweza kumtia mtu wazimu?

Mwanzoni mwa karne ya 20, majimbo ya kusini mwa Marekani yalikumbwa na ugonjwa uitwao pelagra. Ngozi ya shingoni na mikononi ilibabuka, tumbo likaharisha, na mwishowe akili zikavurugika. Hospitali za wendawazimu zilipokea watu wengi wa namna hiyo, na madaktari wakashikilia kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza. Daktari wa serikali, Joseph Goldberger, alikataa. Aliona kuwa katika hospitali hizo hizo wagonjwa waliugua pelagra lakini wauguzi hawakuugua, na tofauti kubwa ilikuwa sahani: wagonjwa walilishwa mahindi karibu kila siku.

Ili kumaliza ubishi, mwaka 1916 Goldberger na wenzake walijichoma sindano za damu ya wagonjwa na hata kumeza magamba ya ngozi zao. Mkewe naye alijitolea kuchomwa sindano hiyo. Hakuna aliyeugua. Goldberger alifariki mwaka 1929 bila kujua ni nini hasa kilichokosekana katika chakula; mwaka 1937 Conrad Elvehjem akaonyesha kuwa ni niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B. Mahindi yanayo, ila imefungwa kwa namna ambayo utumbo hauwezi kuichukua. Wenyeji wa Mexico waliyachemsha mahindi kwa maji ya chokaa tangu enzi za mababu, na kwa hiyo niasini ilifunguka. Kwetu kinga ni mboga ya kando ya ugali: maharage, karanga, dagaa, nyama. Mgonjwa wa pelagra aliyechanganyikiwa akipewa niasini, akili huanza kumrudia ndani ya siku chache.

Ndiyo maana daktari mzuri, akiletewa mtu aliyebadilika ghafla, huagiza vipimo vya damu kabla ya kusema lolote juu ya akili. Malaria iliyopanda kichwani, kaswende, virusi vya Ukimwi, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, upungufu wa vitamini B12: vyote hivi huweza kuvaa sura ya wazimu.

Je, wajua kwamba dawa mojawapo bora ya akili ni ndugu wa betri ya simu yako?

Lithiamu ni madini mepesi kuliko yote. Ndiyo inayotafutwa leo kwa ajili ya betri, na ndiyo iliyoufanya mji wa Manono, kule Tanganyika ya Kongo, kutajwa na wawekezaji wa dunia nzima. Chumvi ya madini hayohayo ndiyo imekuwa tegemeo la watu wenye baipola, ugonjwa unaomrusha mtu kati ya msisimko usiozuilika na huzuni nzito.

Aliyeigundua kazi hiyo ni John Cade, daktari wa Australia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alishikwa na Wajapani akakaa mateka zaidi ya miaka mitatu katika kambi ya Changi, Singapore. Aliporudi akaajiriwa katika hospitali ndogo ya Bundoora, nje kidogo ya Melbourne. Hakuwa na maabara ya maana. Alifanyia kazi katika chumba cha jikoni kisichotumika, na chupa za mkojo wa wagonjwa alizihifadhi kwenye friji ya nyumbani kwake.

Cade aliamini kwamba wenye msisimko wa kichaa wana sumu fulani mwilini inayotoka kwa mkojo. Aliwachoma simbilisi, wale wanyama wadogo wa kufugwa, sindano za mkojo huo. Katika kuyeyusha asidi moja ya mkojo alilazimika kuichanganya na lithiamu, na hapo akaona ajabu: simbilisi waliokuwa wakirukaruka kwa kuguswa tu sasa walilala chali wametulia, wakimtazama. Wazo lake la sumu lilikuwa potofu. Alichokiona ndicho kilichobaki.

Kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, Cade aliimeza dawa mwenyewe kuhakikisha kuwa haiui. Kisha mwaka 1948 akampa mwanamume wa miaka 51 ambaye kwa miaka mitano mfululizo alikuwa hatulii, mchafu na mharibifu, hata wodi nzima ilimchoka. Ndani ya wiki chache mtu huyo alitulia. Ndani ya miezi michache aliruhusiwa kurudi nyumbani, na akarejea kwenye kazi yake ya zamani. Cade alichapisha matokeo mwaka 1949.

Mwisho wa mgonjwa yule unastahili kujulikana pia, maana mara nyingi hukatwa wakati wa kusimulia. Alipojiona mzima aliacha dawa, ugonjwa ukarudi. Alirudishiwa dawa, lakini wakati huo hapakuwa na kipimo cha kujua kiasi kilichomo kwenye damu, na mwaka 1950 akafa kwa lithiamu kuzidi mwilini. Kati ya dozi inayoponya na dozi inayodhuru pana nafasi ndogo sana. Anayetumia lithiamu leo lazima apimwe damu mara kwa mara, pamoja na figo na tezi ya shingo, na akiharisha au kutapika amwone daktari mapema, kwa sababu mwili ukipungukiwa maji dawa hujaa kwenye damu.

Na kama ungekuwa Marekani katika miaka ya 1930, ungeweza kuinywa lithiamu bila cheti cha daktari: soda ya 7UP, iliyoingia sokoni mwaka 1929, ilitiwa chumvi ya lithiamu hadi mwishoni mwa miaka ya 1940.

Je, wajua kwamba wagonjwa wa kifua kikuu waliocheza kwenye korido ndio waliofungua njia ya dawa za sonona?

Ilikuwa mwaka 1952, hospitali ya Sea View huko Staten Island, New York. Watu waliokuwa wakisubiri kufa kwa kifua kikuu walipewa dawa mpya iitwayo iproniazidi. Mapafu yalipata nafuu kiasi, lakini wauguzi waliona jambo jingine: wagonjwa walichangamka, wakala, wakacheza dansi kwenye korido. Miaka mitano baadaye dawa hiyo ilikuwa ikitolewa kwa wenye sonona, yaani huzuni inayomkaa mtu wiki kwa wiki hadi akakosa usingizi, hamu ya chakula na sababu ya kuamka.

Klorpromazini, iliyobadilisha maisha ya wenye skizofrenia, nayo haikutengenezwa kwa ajili yao. Henri Laborit, daktari mpasuaji wa jeshi la majini la Ufaransa, alitafuta kitu cha kuupunguzia mwili mshtuko wa upasuaji. Akaona wagonjwa wake wanatulia bila kulala. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaijaribu katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, na wodi zilizozoea kelele usiku kucha zikanyamaza. Baadaye ilijulikana kuwa inazuia kazi ya dopamini, kemikali inayopeleka habari kutoka chembe moja ya ubongo hadi nyingine. Ni dawa nzito, inayoweza kuleta usingizi, kukaza misuli na kuitetemesha mikono. Mgonjwa anayelalamika kwamba dawa inamkaza shingo hadanganyi. Ipo dawa ya kumsaidia, na daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha.

Dawa za sonona zina tabia moja inayowafanya wengi waziache mapema. Madhara madogomadogo, kama kichefuchefu au kinywa kukauka, huja siku za kwanza. Nafuu huja polepole, kwa kawaida baada ya wiki mbili hadi nne au zaidi. Anayeacha siku ya kumi hajaijaribu dawa.

Je, wajua kwamba mti wa mbege una jamaa yake katika historia hii?

Kule Kilimanjaro magome ya msesewe hutiwa kwenye mbege, pombe ya ndizi, kuipa ule uchungu wake. Msesewe ni wa jamii ya Rauvolfia. Ndugu yake wa India, Rauvolfia serpentina, mizizi yake imetumiwa na waganga wa huko kwa karne nyingi kuwatuliza waliopagawa. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, Uswisi, walichuja humo dawa iitwayo reserpini, iliyotumika kwa presha ya damu na kwa wagonjwa wa akili hadi dawa nyingine zilipoipita. Waganga wa India walikuwa wameutambua mti huo zamani, kabla ya maabara yoyote.

Je, wajua kwamba tiba ya umeme bado ipo, na kwamba inaokoa watu?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tiba hii inaogopwa kuliko ilivyo. Ilianza Rome, Aprili 1938, kwa Ugo Cerletti na Lucio Bini. Walitaka kuuchochea ubongo upate mtukutiko kama wa kifafa, kwa kuwa iliaminika mtukutiko huo unaweza kuuondoa wazimu. Wagonjwa wa mwanzo walifanyiwa wakiwa macho, na wengine walivunjika mifupa. Sinema zilizokuja baadaye ziliibakiza picha hiyo vichwani mwetu.

Leo mgonjwa huja tumbo tupu, akapewa nusu kaputi, kisha dawa ya kulegeza misuli na hewa ya oksijeni. Kabla misuli haijalegea, mguu mmoja hufungwa mkanda wa kupimia presha ukajazwa upepo, ili dawa ya kulegeza isifike kwenye unyayo. Umeme ukipita kichwani kwa sekunde chache, mwili wote unabaki umelala. Ni unyayo ule peke yake unaotikisika, na kwa kuutazama daktari anajua kwamba ubongo umepata mtukutiko wake na umechukua muda gani. Mara nyingi hauzidi dakika moja. Mgonjwa huamka, akapumzika, akanywa chai. Hurudia mara mbili au tatu kwa wiki, jumla mara sita hadi kumi na mbili.

Hasara yake kubwa ni kumbukumbu. Wengi husahau mambo ya siku au wiki za karibu na tiba, na baadhi hupoteza zaidi. Lakini kwa mtu aliyeacha kula na kunywa kwa sonona, au aliyeganda kama sanamu asiyesema wala kugeuka, hakuna tiba inayofanya kazi haraka na kwa uhakika kama hii. Nadhani haki ni kuieleza familia faida na hasara zote mbili, kisha iamue pamoja na mgonjwa.

Je, wajua kuhusu Nobel iliyotolewa kwa kukata ubongo?

Egas Moniz wa Lisbon alianza mwaka 1935 kukata njia zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na zilizobaki, akiamini zinabeba mawazo yasiyokwisha. Mwaka 1949 alitunukiwa Nobel. Walter Freeman wa Marekani aliirahisisha kwa namna ya kutisha: tangu 1946 alipitisha chuma chembamba juu ya jicho, chini ya kope, na kumaliza kazi kwa dakika chache. Makumi ya maelfu walifanyiwa nchini humo. Rosemary Kennedy, dada wa rais wa baadaye, alifanyiwa upasuaji wa kukata ubongo mwaka 1941 akiwa na miaka 23. Akapoteza uwezo wa kutembea na kusema vizuri, akaishi katika matunzo hadi kifo chake mwaka 2005. Umoja wa Kisovyeti ulipiga marufuku upasuaji huo mwaka 1950.

Je, wajua kwamba maneno nayo hubadilisha ubongo?

Tiba ya mazungumzo haikuanza na Sigmund Freud. Karibu miaka 1,000 kabla yake Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya kuutunza mwili na nafsi. Alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayokuja bila sababu, na akashauri mtu ajiwekee mawazo mema akiwa mzima, ayatumie siku nafsi itakapotikisika.

Mwaka 1924, huko New York, Mary Cover Jones alimtibu mtoto wa miaka karibu mitatu aliyemwogopa sungura. Kila mtoto alipokula chakula akipendacho, sungura alisogezwa karibu kidogo. Mwishowe mtoto akamshika. Hadi leo woga wa lifti, mbwa au daraja hutibiwa kwa njia hiyo ya kusogea hatua kwa hatua. Aaron Beck wa Philadelphia naye, katika miaka ya 1960, aliona kwamba mwenye sonona hujihukumu ovyo siku nzima bila kujua: sifai, nimeshindwa, kesho haina kitu. Akaanza kuwafundisha wagonjwa kuyakamata mawazo hayo na kuyadai ushahidi. Beck alifariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 100, na njia yake ndiyo iliyofanyiwa utafiti mwingi kuliko tiba nyingine yoyote ya mazungumzo.

Utafiti mmoja ningependa kila mwanafunzi wa uuguzi aufahamu. Mwaka 1992 Lewis Baxter na wenzake wa chuo kikuu cha UCLA, California, waliwapiga picha za ubongo watu wanaoshindwa kuacha kunawa mikono au kukagua kufuli mara mia. Baadhi walipewa dawa ya fluoksetini, wengine mazoezi ya tabia bila kidonge chochote. Kwa waliopata nafuu katika makundi yote mawili, sehemu ileile ya ndani ya ubongo, upande wa kulia, ilipunguza kasi yake. Anayesema mazungumzo ni porojo na tiba ni sindano tu, na anayesema dawa ni sumu na kinachotakiwa ni ushauri tu, wote wawili wana la kujibu hapo.

Je, wajua kwamba iliwahi kuandikwa kuwa Mwafrika hapati sonona?

J. C. Carothers aliongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, wakati wa ukoloni. Katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, alidai sonona ni nadra kwa Waafrika, na akamfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa ubongo kwa upasuaji ule wa Moniz. Lilikuwa jambo la aibu, na liliwanyima watu tiba kwa miaka mingi.

Jibu lilikuja kutoka vijijini. Katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, zilizokuwa zimeumizwa na Ukimwi, watafiti walichagua vijiji 30. Katika nusu yake waliunda vikundi vya wanawake na vya wanaume wenye sonona, vikiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili tu. Walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakazungumza juu ya misiba, ugomvi na maisha yaliyobadilika. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003, mwishoni asilimia 6.5 ya waliohudhuria vikundi ndio waliobaki na sonona. Katika vijiji vingine walikuwa asilimia 54.7.

Zimbabwe ilikwenda mbali zaidi. Daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyejiua mwaka 2005 kwa sababu familia haikuwa na nauli ya kumfikisha hospitali. Mwaka uliofuata, katika mtaa wa Mbare, Harare, alipewa bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya ya jamii, bila hata chumba. Waliweka benchi nje, chini ya miti. Bibi humuuliza mgeni maswali 14 kuhusu usingizi, machozi na mawazo ya kufa, humwacha ayamwage yote, kisha humtaka achague tatizo moja tu la kuanza nalo na hatua moja ya wiki hiyo. Utafiti wa mwaka 2016 katika kliniki 24, uliowahusu watu 573, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa na bibi waliobaki na sonona walikuwa takriban asilimia 14, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yamefika Malawi na Zanzibar.

Je, wajua kwamba wagonjwa waliwahi kutibiwa wakiwa wapangaji?

Katika mji wa Geel, Ubelgiji, familia zimewapokea wagonjwa wa akili majumbani tangu Zama za Kati. Miaka ya 1930 walikuwa zaidi ya 3,000. Mwaka 1954 Thomas Adeoye Lambo alianzisha mpango wake Aro, karibu na Abeokuta, Nigeria: mgonjwa alikuja na ndugu yake, wakapanga kijijini, akaenda hospitali kwa dawa na kurudi jioni kwenye shamba na soga. Kwetu, Lutindi katika milima ya Usambara, mahali palipoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, pamekuwa hospitali ya wagonjwa wa akili tangu 1904, na kazi ya mikono ni sehemu ya tiba.

Na minyororo? Mtu aliyeifungua katika hospitali ya Bicêtre, Paris, mwaka 1797 alikuwa Jean-Baptiste Pussin, mtengeneza ngozi aliyewahi kulazwa hapo mwenyewe kabla ya kuajiriwa. Daktari Philippe Pinel, aliyepewa sifa zote, alijifunza kwake.

Zaidi ya karne mbili baadaye bado wapo watu katika nchi zetu waliofungwa kamba au kufungiwa chumba cha uani. Kama yupo kwenu, mfungueni na mmpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa wiki hii, nayo itawaelekeza Mirembe kule Dodoma, Mathari, Kidongo Chekundu kule Zanzibar au kwingineko kulingana na mlipo. Kama tayari anatumia dawa na mnamwona amepona, msimwachishe wenyewe. Mrudisheni kwa daktari, na yeye ndiye aamue dozi ipunguzwe lini.